Taa ya Kukanyaga

Asubuhi ile niliondoka Taveta kwa sababu mvua ilikuwa imekatika na stesheni ilikuwa karibu. Sababu nyingine sikuwa nayo. Nilikuwa nimekaa miezi kadhaa kwa fundi wa redio pale sokoni, nikimpashia chuma chake cha kulehemu kwenye makaa, na nilikuwa nimeanza kuitambua kila redio ya mji kwa mkoromo wake. Nikishafika hapo katika jambo lolote, miguu huanza kuniwasha. Hata shule niliiacha hivyo hivyo, nikiwa darasa la sita. Sikufukuzwa, wala nyumbani kwetu upande wa Chala hakukuwa na shida kubwa kuliko ya jirani. Kulikuwa na njia inayopita nyuma ya darasa, nami sikujua inakwenda wapi.

Nilifunga mfuko wangu: koleo, chuma cha kulehemu, kipande cha risasi ya kulehemia, na redio mbili zilizokufa ambazo fundi aliona heri nizibebe mimi kuliko ziendelee kumjazia meza. Hakuuliza ninakwenda wapi. Nadhani alijua singekuwa na jibu.

Garimoshi lilikuwa lile la mchanganyiko, mabehewa ya mizigo na moja la abiria, mikungu ya ndizi imerundikwa hadi mlangoni. Nilikata tikiti ya Bura kwa kuwa ndilo jina alilolitaja mtu aliyenitangulia kwenye foleni. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kuisha, nami nilikuwa kijana wa kuweza kulala popote.

Bura nilishuka na kukaa chini ya ukingo wa paa la stesheni. Kando yangu alikaa mwanamke mwenye kikapu kitupu, ameshauza kabeji zake, anakung'uta matope kwenye viatu. Aliziangalia redio zangu.

"Hizo ni nzima?"

"Zimekufa."

"Kwa hivyo wewe ni fundi ama ni mchukuzi wa maiti?"

Nikasema fundi. Akafikiri kidogo.

"Yetu nyumbani haisemi, inakoroma tu. Ukiweza kuiamsha utakula na utalala. Usipoweza, utakula tu."

Nikamfuata. Njia ilipanda kati ya migomba na miwa, mfereji wa maji ukitufuata upande mmoja kama mtu wa tatu. Juu kulikuwa na baridi ambayo Taveta hatuijui. Nyumba ilikuwa ya udongo na mabati, vyumba vitatu kwa mstari, na mbele ya chumba cha mwisho palikuwa na ngazi moja ya jiwe, iliyolainika kwa miguu ya watu wengi. Redio yao ilikuwa na uzi mmoja tu uliong'oka kwenye spika. Niliurudisha kabla ugali haujaiva, kwa hiyo nikala na nikalala.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mama mkwe wa yule mwanamke, mzee mwembamba aliyeniita mjukuu siku ya kwanza, nami nikamwita nyanya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo kifundoni. Alikuwa ameanguka kwenye ile ngazi ya jiwe, akienda nje usiku, mfupa ukaunga vibaya. Mwanawe, mume wa mwenyeji wangu, alifanya kazi ya reli Voi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Tangu siku ya kuanguka alikuwa amekata shauri kwamba mama atashuka kuishi naye. Alikuwa amekwisha kupata chumba.

"Na kitanda," mke wake alisema, akigawa mboga. "Amekikata miguu kiwe kifupi, mama asipate taabu kushuka."

"Aliyekikata akilalie," nyanya alisema.

"Mama, huko kuna stima. Unabonyeza tu ukutani."

"Na maji yangu?" Alikuwa na zamu yake ya mfereji. Siku ya zamu aliyafungulia maji mwenyewe kwa jembe, yakaingia kwenye miwa aliyopanda na mumewe. "Nikikaa Voi mwezi mmoja, watu watasema zamu ya fulani haina mtu. Ikishasemwa hivyo, haina mtu kweli. Nirudi niwaambie nini?"

Nikauliza kwa nini asitumie tochi. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga, akainyoosha mikono yake miwili.

"Huu wa fimbo. Huu wa ukuta. Wa tochi utatoka wapi?"

Koroboi alikuwa amekatazwa, maana mwaka uliotangulia ilimchomea blanketi. Kuacha tochi ikiwaka usiku kucha kungemaliza mawe yake, yaani betri, kwa usiku mmoja au miwili. Nililala nikiliwaza jambo hilo. Si kwa huruma, kama nikisema kweli. Lilikuwa swali lililokaa vizuri: taa inayowaka yenyewe mtu akishuka kitandani, ikazimika yenyewe akisharudi, na isiyohitaji mkono. Nilimwambia mwenyeji wangu asubuhi kwamba ningependa kujaribu. Akasema kuni zilikuwa zinahitaji kupasuliwa pia.

Kuwasha kulikuwa rahisi. Nilikata bati la debe la mafuta vipande viwili vipana, nikaviweka kimoja juu ya kingine, na katikati, kwenye pembe, vijipande vya mpira wa kandambili ili visigusane. Juu nikatandika gunia la mkonge. Mguu ukikanyaga, bati la juu linalala, linagusa la chini, umeme unapita. Globu ya tochi niliifunga chini ya kitanda ndani ya kopo la samaki, mdomo wa kopo ukielekea sakafuni. Nyanya ndiye aliyetaka iwe hivyo. Hakupenda taa ya kummulika usoni.

"Nikifa watanimulika vya kutosha," alisema.

Lakini taa ile ilizimika mara tu mguu ulipotoka kwenye gunia, yaani pale pale mtu anapoanza kuihitaji. Hapo ndipo redio zangu zilizokufa zilipopata kazi. Nilitoa kapasita kubwa kuliko zote, transista mbili na rezista kadhaa. Kwa wasiozijua: kapasita hujazwa umeme mara moja na kuutunza, rezista huuachia utoke kidogo kidogo, na transista ni kama mlango ambao umeme huo kidogo unatosha kuushikilia wazi ili umeme mwingi wa mawe upite kwenda kwenye globu. Nilimweleza nyanya hivyo nikitumia mfereji. Akanikatiza.

"Kumbe ni kile kidimbwi chetu cha juu. Kinajaa usiku, tunakifungulia mchana. Sasa kwa nini umesema maneno mengi hivyo?"

Mara ya kwanza taa ilikaa kidogo mno, ikafifia yeye akiwa bado hajafika kwenye ngazi. Nikabadilisha rezista, ikakaa hadi akapoa akiisubiri izimike. Kipimo changu kilikuwa mwendo wake: tulifunga dirisha la mbao mchana, chumba kikawa giza, naye akatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, mimi nikihesabu kwa kugonga koleo. Mwishowe nikaweka gunia la pili kizingitini, liiwashe taa upya anaporudi. Nilipenda namna ilivyokufa. Haikukatika. Ilikuwa njano, ikawa nyekundu, ikawa uzi mwekundu ndani ya kioo, kisha ikawa haipo.

"Inanijua?" nyanya aliuliza, akiwa amesimama juu ya gunia.

"Haijui nani. Inajua uzito."

"Kwa hivyo mbuzi akiingia itamwashia."

"Itamwashia."

"Vizuri. Naye aone."

Mwana alikuja mwisho wa mwezi, mtu mnene, koti la kazi begani, viatu vimejaa matope ya njia. Aliona nyaya ukutani kabla hajaketi.

"Na hii? Mtego wa panya?"

"Ni taa," mama yake alisema. "Kanyaga."

Hakukanyaga. Alizunguka lile gunia kama mtu anayezunguka nyoka. Waliendelea kwa Kidawida, lugha ya kwao, ambacho nilikielewa nusu, na nusu nyingine mkewe alinieleza baadaye. Alisema taa iliyotengenezwa na mtu wa njiani si sababu ya kumwacha mama mzee mlimani. Mama akasema mtu wa njiani alikuwa amekula kwake mwezi mzima, yeye mwanawe siku mbili. Hapo sauti zilipanda. Mwishowe alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie:

"Nikija tena, nikikuta umeanguka, ama umekaa gizani hata usiku mmoja, tunashuka wote Voi. Na fundi na nyaya zake ashuke anakojua."

Jumapili alasiri aliondoka kwenda stesheni bila kumuaga vizuri. Mama alibaki mlangoni akimwangalia hadi migomba ilipomficha. Kisha akaingia jikoni, akatoka na kibuyu cha pombe ya miwa.

Nilikuwa nimesikia habari za kutasa lakini sikuwahi kuona. Kwao, hasira ya mzazi, hata ikikaa moyoni bila kusemwa, inaweza kumfuata mtoto njiani na kumdhuru. Kwa hiyo ni lazima itolewe. Alikunywa funda moja, akalirusha kwa mdomo kama umande upande ule mwanawe alikopitia, akasema maneno ya polepole ambayo mkwewe aliyaitikia kwa chini, ingawa alikuwa mtu wa kanisa. Kuwe na baridi. Safari iwe njema. Nyumba itulie. Akarusha funda jingine kwenye ngazi ya jiwe, jingine kitandani, na la mwisho, kubwa kuliko yote, juu ya lile gunia. Gunia ndilo lililoanzisha ugomvi. Lilistahili nalo kupoa.

Nilisimama kando kwa heshima. Haikunipitia akilini kwamba nilikuwa ninaangalia maji yakimwagwa juu ya swichi. Niliona ibada, na mtu akishaona ibada haangalii vitu vingine.

Jua la alasiri lilikuwa linaingia mlangoni moja kwa moja, na globu ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya kopo. Hakuna aliyeona kwamba ilikuwa inawaka. Iliendelea kuwaka mpaka mawe yakaisha, na nadhani yaliisha kabla hatujaanza kula.

Asubuhi mwenyeji wangu alipompelekea mama uji, alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, blanketi mabegani, miguu juu ya gunia.

"Umeamka saa ngapi, mama?"

"Sikulala. Nimekanyaga mpaka nimechoka."

"Si ungepapasa ukuta uende?"

"Nilikuwa nasubiri taa."

Hilo lilinigusa kuliko kama angeanguka. Kabla sijafika, angepapasa ukuta. Taa ilikuwa imemfundisha kungoja.

Nilifikiri ni transista imekufa, au uzi umekatika. Walionionyesha ni sisimizi. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kizingitini hadi gunia la kitandani, wakaingia chini yake bila kusita. Nililiinua. Kati ya bati na bati kulikuwa na utando wa sukari ya miwa, umenata, umeanza kuwa wa kahawia, na sisimizi wameujaa. Nilikuwa nimefikiria mende. Nilikuwa nimefikiria mvua inayoingia mlangoni, na vumbi, na mbuzi. Baraka sikuzifikiria.

Mwenyeji wangu alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Usiku mmoja," alisema. "Alisema hata usiku mmoja."

"Ndiyo."

"Tusimwambie."

Nyanya alikuwa anakunywa uji wake.

Siku zilizofuata nilitengeneza upya. Mwenyeji wangu aliniletea mawe mapya kutoka sokoni na tyubu kuukuu ya baiskeli. Niliikata tyubu, nikaingiza mabati yote mawili ndani pamoja na vijipande vyake, nikaziba ncha kwa gundi ya pancha mahali nyaya zinapotokea. Nikafanya vivyo hivyo kwa gunia la kizingitini. Nilimfundisha mwenyeji wangu kubadilisha mawe, upande wa kichwa na upande wa kitako, hadi akaweza akiwa amefumba macho. Kisha nikamwendea nyanya, nikamwomba atase tena juu ya gunia, nione kama maji yanapenya.

Alicheka hadi akashika ubavu.

"Nitase hasira gani? Nimemkasirikia nani?"

"Mimi, labda. Nilikuharibia usingizi."

"Wewe sina hasira nawe. Bila hasira ni kutema mate tu, mjukuu. Mwagia maji yako mwenyewe."

Nilimwagia. Taa haikuwaka. Lakini sikuridhika, kwa sababu maji yangu niliyamwaga taratibu kutoka kwenye kikombe, na mdomo hurusha kwa namna nyingine.

Mwana alirudi mwisho wa mwezi uliofuata. Safari hii aliketi, akanywa chai, akauliza habari za miwa. Mkewe alizungumza sana, mambo ya kanisa, ya kuku, ya jirani aliyehamisha mpaka. Alikuwa bado anazungumza mama yake alipoweka kikombe chini.

"Nilikaa gizani usiku mmoja," alisema.

Mwana alinitazama mimi kwanza.

"Si huyo," mama alisema. "Taa niliilowesha mwenyewe. Siku ile ulipoondoka bila kuniaga nilitasa. Niliitoa hasira yangu na yako pia, maana wewe uliondoka nayo hata hukuitoa. Nyingine ikaangukia gunia."

Hakumwambia aamue nini. Alikiinua tena kikombe chake. Mwanawe alikitazama chake kwa muda. Kama angesema usiku ule unahesabiwa, angekuwa amemwadhibu mama yake kwa kumlinda safarini, na wote watatu walilijua hilo. Hata mimi nililijua.

"Nipe maji," alimwambia mkewe.

"Pombe ipo," mama yake alisema.

"Mama, mimi ni mtu wa kanisa."

"Haya, maji. Hata kanisani yapo."

Alisimama, akapiga funda la maji, akalirusha nje ya mlango. Maneno yake yalikuwa machache na alionekana ameyasahau kidogo, mama akamkumbusha moja. Kisha akageuka, akapiga funda kubwa, akalimwagia lile gunia lote la kitandani. Ni mtu mwenye kifua kipana. Gunia lilichuruzika. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, jicho kwenye kopo la samaki, labda mtu pekee aliyewahi kufanya hivyo wakati wa kutasa.

Taa haikuwaka.

"Funga dirisha," alisema. Mkewe akafunga dirisha na mlango. Katika giza tulisikia kiatu chake kikitua kwenye gunia lililolowa, na miguu yetu sote minane ikaonekana sakafuni, yetu na matope yetu. Tuliitazama taa hadi ikawa nyekundu, kisha uzi, kisha haipo. Akakanyaga tena.

"Nani atabadilisha mawe?"

"Mimi," mkewe alisema gizani. "Najua kichwa na kitako."

"Basi, mama, kaa."

"Nilikuwa nimekaa," nyanya alisema.

Jioni ile mwana alinikuta kwenye mfereji. Ilikuwa imeanza tena ile hali ya miguu. Taa ilikuwa imekwisha, nami sikuwa na swali jingine katika nyumba ile.

"Sasa wewe unakwenda wapi?"

"Sijui."

"Voi umewahi kufika?"

"Bado."

"Nina chumba na kitanda. Nilimwandalia mama, sasa havina mtu."

Kumuaga nyanya hakukuchukua muda. Alinipa kipande cha muwa cha njiani, akaniambia nisikanyage kila kitu ninachokiona. Tulishuka Bura, tukapanda garimoshi, likatuteremsha kwenye joto na vumbi jekundu, na giza lilipoingia tulikuwa Voi: mabehewa yakigongana stesheni, adhana ikitoka upande wa maduka, taa za umeme zimening'inia juu ya reli kwa mstari, nyingi kuliko nilivyowahi kuona. Nilitaka kujua zinawashwa kutoka wapi. Mwana wa nyanya akasema nitauliza kesho.

Chumba kilikuwa kidogo na safi, sakafu ya saruji, ukuta umepakwa chokaa upya. Kitanda kilikuwa chini sana, miguu imekatwa kwa msumeno, vumbi la mbao bado limebaki kwenye kona. Swichi ilikuwa kando ya mlango. Kutoka mlangoni hadi kitandani palikuwa na hatua za mtu mzima kadhaa, na hakuna aliyekuwa amezifikiria. Nilibonyeza ili nilale, taa ikakatika papo hapo, nikaanza kutembea gizani, na ugoko wangu ukakipata kitanda kabla yangu.

"Fundi!" sauti ya mwana ikaja kupitia ukutani. "Umeanguka?"

"Hapana."

"Ukianguka nakurudisha Taveta."